Mgonjwa anyonge pedali, asibebwe na mota

Utafiti wa kiharusi uliofanyika kati ya 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2010, ulitoa takwimu zinazotisha hadi leo. Ukizingatia tofauti za umri, kiharusi kilipiga watu 316 kwa kila 100,000 kwa mwaka jijini, wakati Hai kilipiga 109. Wanaonusurika, pamoja na wanaotoka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete baada ya upasuaji au kuzibuliwa mishipa, kwa kawaida hurudi nyumbani na agizo linalofanana: fanya mazoezi mepesi, usikae tu. Lakini anayeishi ghorofani Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe au Mtaa wa Swahili, atayafanyia wapi, ikiwa njia ya miguu imejaa bidhaa, jua ni kali na pumzi zinakatika kabla hajafika Msimbazi? Naamini baiskeli ya umeme inawafaa wengi wa watu hawa, kwa sharti moja: iwe ile ambayo mota yake haisukumi mpaka mpandaji anyonge. Ile ya kuzungusha mkono kama bodaboda inamfikisha mtu aendako, ila haimrudishii nguvu.

Faida ya mazoezi baada ya ugonjwa wa moyo imethibitishwa. Mapitio ya majaribio mengi ya kitabibu yameonesha kuwa wagonjwa wa mishipa ya moyo wanaofuata programu ya mazoezi hufa wachache kwa ugonjwa huo, na hulazwa tena mara chache kuliko wasioifuata. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawataka watu wazima, hata wenye maradhi sugu, wapate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Je, kunyonga kwa kusaidiwa na mota kunafikia kiwango hicho? Nchini Uingereza, watafiti waliofuatilia wagonjwa 20 wa kisukari cha aina ya pili walichapisha majibu yao mwaka 2018: kwenye baiskeli ya umeme mapigo ya moyo yalifika kama asilimia 75 ya kiwango cha juu kabisa, na katika kutembea asilimia 64. Huko Colorado, Marekani, watu 20 wasiozoea mazoezi walinyonga dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwezi mmoja. Sukari yao ikadhibitika vizuri zaidi na pumzi zikaimarika. Tafiti hizi ni ndogo, wala hazikufanyika katika joto la Dar, lakini zote zinaelekeza upande mmoja.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema mota ni uvivu. Mgonjwa hakosi nia. Anachokosa ni akiba ya nguvu, na hofu ya kuishiwa njiani ndiyo inayomfunga ndani. Mota inaiondoa hofu hiyo, kwa sababu anajua atarudi nyumbani hata miguu ikichoka. Anayeweza kutembea vizuri aendelee kutembea, kwani ni bure. Ninayemsemea hapa ni yule ambaye goti, nyonga au mguu uliolegea haumruhusu kutembea muda wa kutosha, ilhali akikaa kwenye tandiko uzito wa mwili unabebwa na baiskeli.

Chaguo lifuate mwili wa mpandaji. Fremu iwe ya chini, ile inayoitwa ya kike, maana aliyepooza upande hawezi kurusha mguu juu ya chuma. Tandiko lishushwe mpaka nyayo zote mbili ziguse ardhi. Mkono mmoja ukiwa dhaifu, fundi ahamishie breki zote kwenye mkono wenye nguvu. Mizani ya mwili ikiyumba, magurudumu matatu ni salama zaidi. Baiskeli hizi mara nyingi huzidi kilo 20, na mfupa wa kifua uliopasuliwa huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga, kwa hiyo mgonjwa asiipandishe ngazi mwenyewe. Betri inayochomoka ataichaji chumbani kwa uniti moja ya LUKU au pungufu. Kuhusu kasi, sheria za Ulaya hukata msaada wa mota kwenye kilomita 25 kwa saa, na kwa anayepona hiyo inatosha kabisa.

Pingamizi zito ni usalama, na halipaswi kupuuzwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja damu ndani kwa kuanguka kidogo tu. Mwenye degedege, kizunguzungu au aliyepoteza sehemu ya uoni asipande mpaka daktari amruhusu. Kariakoo ya saa nne asubuhi, yenye maguta, mikokoteni na bodaboda, si mahali pa kujifunzia. Lakini kutoka Kariakoo hadi hospitali ya Muhimbili ni mwendo mfupi kwenye ardhi tambarare, na mradi wa mwendokasi, ulioanza kubeba abiria Mei 2016, ulijengwa pamoja na njia za baiskeli. Njia hizo zikigeuzwa maegesho au meza za biashara, anayesukumwa barabarani ni yule asiyeweza kukwepa gari. Wachuuzi wana haki ya riziki, na halmashauri ina wajibu wa kuwatafutia nafasi isiyomgharimu mgonjwa uhai wake.

Kwa aliye njiani kupona: zungumza na daktari na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kuzungumza na muuza duka. Jaribu kwanza asubuhi na mapema kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja, ukiwa na mtu wa kukushika. Na ukifika dukani, swali la kwanza lisiwe bei wala kasi. Uliza hivi: nikiacha kunyonga, mota inazimika? Ikiwa haizimiki, hiyo si baiskeli yako.