Sheria na wasaka hazina wa Gataka

Mkazi wa Gataka, Kajiado, anayejiburudisha kwa mashine ghali ya kusaka vyuma ardhini ataambulia zaidi misumari na vizibo vya soda. Hata udongo wa huko, wenye asili ya volkano, huihadaa mashine. Utata huanza akigusa kitu cha kale. Hatimiliki ya shamba haimkingi: Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 yavifanya vitu vya kabla ya 1895 vilivyofukiwa ardhini kuwa mali ya serikali, na kuvitafuta kwahitaji leseni.

Huu si uchoyo. Sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, iliyofukuliwa Manda, Lamu, na kutangazwa 2013, ilikuwa na uzito kwa kuwa watafiti walijua ilikolala. Ingeuzwa kimyakimya Nairobi, ingebaki kisahani chenye tundu la mraba.

Aliyeokota bila kukusudia na ayaarifu Makavazi ya Kitaifa.