Mahindi yaliyovunda si chakula cha mbwa

Gunia likilowa mvua, nyumba nyingi hugawa hivi: mahindi mazuri yanakwenda mashineni, yaliyopauka wanamwagiwa kuku, na yale yaliyoota ukungu yanasagwa kando kwa ajili ya mbwa. Wanaofanya hivyo wanadhani wanabana matumizi. Wanaua mbwa wao, na kwa kuwa anakufa polepole, hawajui kilichomuua.

Kinachoua ni sumukuvu. Hutokana na kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizowekwa na unyevu, na moto wa jikoni hauiondoi. Songa ugali huo saa nzima, sumu iko palepale. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, kati ya zaidi ya 300 waliougua. Mwaka 2016 iliua tena, safari hii Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Misiba hiyo ilitufundisha kuchambua mahindi kabla ya kusaga, na ni vizuri. Lakini yale tunayoyatoa yanaishia kwenye sufuria ya mbwa, na mbwa ni katika wanyama wanaodhuriwa upesi na sumu hii.

Dalili zake zinaonekana kwa macho. Mbwa anasusa chakula, anatapika, analala kutwa. Mfunue mdomo: fizi zilizokuwa nyekundu zimegeuka manjano. Hapo ini limeshaumia vibaya, na mwenye mbwa wakati huo anamshuku jirani kwamba ametega sumu. Asimtazame jirani, akatazame kwanza ndoo ya pumba. Na pumba hizo asizihamishie kwa ng'ombe wa maziwa kwa kuona huruma kuzitupa, maana sumu hupita kwenye maziwa na kumrudia mtoto wake mezani. Mahindi yenye ukungu hayana wa kupewa. Yafukiwe.

Hatumwambii kila mwenye mbwa anunue chakula cha kopo. Mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, na tumbo lake limejifunza kusaga wanga. Ugali wa dona safi unamfaa. Kinachomkondesha ni ugali mtupu, leo na kesho na mwezi mzima, huku tukimtaka abweke usiku kucha getini. Mchanganyie dagaa waliooshwa mchanga na chumvi, au nyama ya vichwa na miguu ya kuku bila mifupa, au utumbo. Mtoto wa mbwa anayekua anahitaji zaidi ya hapo, na ale mara tatu au nne kwa siku. Akilishwa nyama tupu isiyo na chanzo cha madini ya chokaa, mifupa yake hulegea na miguu kupinda, hata kama tumbo limejaa.

Makombo ya sherehe ni jambo jingine la kuangalia. Sahani ya biriani inayomwagwa uani imejaa vitunguu vya kukaanga, na mara nyingi zabibu kavu. Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Zabibu zinaweza kuangusha figo za mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka ncha kali kama sindano na kutoboa utumbo. Ukitaka mnyama naye aifurahie sikukuu, mtengee nyama yake kabla sufuria halijatiwa viungo.

Kuhusu matumbo mabichi kutoka machinjioni, hapa hatuna maneno ya upole. Turkana, kaskazini mwa Kenya, imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa sehemu zilizosumbuliwa zaidi duniani na tegu wa mbwa. Mzunguko wake ni rahisi. Mbwa anatupiwa ini au mapupu yenye vifuko vya maji, minyoo inakomaa ndani ya utumbo wake, mayai yanatoka na kinyesi, na mtoto anayecheza na mbwa anayameza. Miaka baadaye vifuko vilevile vinaota kwenye ini la huyo mtoto, na mara nyingi kuvitoa ni hadi apasuliwe. Mchinjaji akikuonyesha ini lenye vifuko, lizikwe. Lililo safi nalo lichemke nusu saa nzima kabla halijafika kwa mbwa.

Paka ana masharti yake. Yeye ni mla nyama hasa. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, samaki na zaidi kwenye moyo. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wanaoikosa hupanuka moyo na kufa, na kwamba wengi hupona wakirudishiwa. Ilishajulikana kabla ya hapo kwamba huwapofua. Kwa hiyo ugali uliochovywa kwenye mchuzi ni njaa ya taratibu kwa paka, hata akiumaliza wote. Mpe samaki aliyepikwa, dagaa, firigisi, moyo wa kuku, pamoja na maji yaliyochemshia, kwa sababu sehemu ya taurini hubaki humo. Maziwa si lazima. Huwaharisha paka wengi wakubwa.

Wanaonunua chakula cha kiwandani nao wasilale. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021, nchini Marekani kwenye ukaguzi mkali, iliripotiwa kwamba mbwa zaidi ya 110 walikufa baada ya kula chakula cha mifuko kilichokuwa na sumukuvu. Kwetu hali ni ya wazi zaidi. Katika maduka mengi ya dawa za mifugo gunia linafunguliwa, chakula kinapimwa kwa kopo na kufungwa kwenye mfuko usio na jina, usio na tarehe, usiosema ni cha mbwa mzima au mtoto. Gunia limekaa wazi kwa muda gani, hakuna anayejibu.

Tanzania ina sheria ya ustawi wa wanyama tangu 2008 na ya vyakula vya mifugo tangu 2010. Wakaguzi wanaopima chakula cha kuku wapime na pumba zinazouzwa kwa ajili ya mbwa, na kila mfuko wa kupimiwa ubandikwe jina la kiwanda na tarehe ya mwisho ya kutumika. Hadi hilo lifanyike, mnunuzi aombe kuonyeshwa gunia lenyewe, asome tarehe, achote kidogo anuse. Muuzaji asipokuwa nalo, pesa hiyo ikanunue dagaa.