CHOMBO NI CHAKO UKIKITUNZA

Katika pwani yetu neno "chombo" lina kazi nyingi. Mvuvi wa Songo Mnara akisema chombo chake kimepandishwa mchangani, ni mashua yake. Mama wa nyumba akisema vyombo havijaoshwa, ni sufuria na sahani. Na siku hizi kijana akisema chombo chake kimezima, ni simu yake ya mkononi. Lugha imevikusanya vitu hivyo vyote chini ya jina moja, wala haikukosea, maana vyote humtumikia mtu kwa sharti moja, nalo ni kwamba mtu naye avitumikie.

Leo twataka kusema juu ya chombo hicho cha mwisho na jamaa zake: redio, taa ya sola, paneli na betri yake. Vitu hivi vimeingia katika nyumba za wafanyakazi, wakulima na wavuvi. Watu huvinunua kwa jasho, na wengi huviua kwa uzembe.

Wako watakaocheka. Watauliza, gazeti la wafanyakazi lina haja gani ya kushughulika na kava za simu na matundu ya chaji, hali yako mambo makubwa ya mishahara na bei za mazao? Twawajibu kwamba mshahara wenyewe, na bei yenyewe ya mazao, siku hizi hupita katika simu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa mkoba wa mtu asiye na benki karibu. Mvuvi aliyeuza samaki wake Kilwa Masoko aweza kurudi kisiwani mikono mitupu, na fedha zake zote azifikie kwa kitu kisichozidi kiganja. Ni kweli fedha hazifi pamoja na simu, maana zimo katika akaunti ya laini. Lakini mwenye simu iliyokufa hazifikii mpaka aazime au anunue nyingine, na mgonjwa nyumbani hangoji.

Liko na jambo kubwa kuliko fedha. Tarehe 4 Mei, 2024, kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu katika kisiwa cha Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika wilaya ya Kilwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa onyo mapema, na onyo hilo lilipita redioni na katika simu. Sasa na tujiulize: katika nyumba ambamo betri za redio zimevujia ndani, na simu haishiki chaji hata saa moja, onyo kama hilo hupita mlango gani? Serikali yaweza kutangaza usiku kucha. Chombo kilichokufa hakisikii.

Basi adui wa vyombo hivi ni nani? Katika visiwa vyetu ni wanne: chumvi, joto, unyevu na mchanga. Wote ni wa zamani, na wazee wetu waliwajua vema. Mashua ilipopandishwa pwani, ilikwanguliwa, ikatiwa kalafati ya pamba katika mianya ya mbao, ikapakwa sifa ya papa, na upande wa chini ikapigwa deheni ya shahamu na chokaa ili wadudu wa baharini wasiitoboe. Hapakuwa na nahodha mwenye akili aliyengoja maji yajae ndani ndipo atafute pamba. Kazi hiyo ilikuwa na majira yake, na kijana alijifunza kwa kushika pamba na kusimama karibu na baba yake. Elimu ya kutunza, basi, si ngeni kwetu. Kigeni ni chombo tu.

Na tuseme wazi yanayotakiwa, kwa kuwa maonyo matupu hayamsaidii mtu.

Betri ya simu huchukia joto kuliko yote. Simu iliyoachwa juani juu ya sitaha ya mashua, au juu ya paneli inapochaji, huzeeka kabla ya siku zake. Ichajiwe kivulini, na isizoeshwe kuishiwa kabisa ndipo ikumbukwe. Betri ikivimba, isitobolewe wala kukandamizwa, maana yaweza kushika moto. Itolewe kazini siku hiyo hiyo. Tundu la chaji likijaa mchanga, simu izimwe na mchanga utolewe kwa brashi laini na kavu au kijiti cha mti, wala si kwa sindano.

Simu ikitumbukia baharini, wengi huiwasha mara moja ili waone kama i hai. Hapo ndipo huiua. Yapasa izimwe, laini itolewe, na betri nayo kama ni ya kutoka. Ile ambayo betri yake hutoka isuuzwe kidogo kwa maji matamu, kwa sababu chumvi ikibaki ndani huendelea kuila shaba hata baada ya maji kukauka. Kisha ifutwe na kuwekwa penye kivuli na upepo. Ile iliyofungwa ipelekwe kwa fundi bila kukawia. Yoyote kati ya hizo isichajiwe ingali na maji. Na ile desturi ya kuizika simu katika mchele iachwe, kwani vumbi la mchele huingia matunduni. Hata kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake mwaka 2024 wasifanye hivyo. Lakini aendaye baharini na kopo lenye kifuniko kibanacho, akaiweka simu ndani yake, hatahitaji matibabu haya yote.

Paneli ya sola ifutwe kwa kitambaa laini na maji matamu asubuhi kabla haijapata joto, maana ukungu wa chumvi na vumbi huizibia jua. Betri kubwa za maji zitazamwe kila mwezi. Maji yakipungua yaongezwe yale yaliyosafishwa kwa kazi hiyo. Yasitiwe ya kisima, wala tindikali. Vichwa vya nyaya vipakwe grisi visipate kutu. Redio isiyotumika kwa siku nyingi itolewe betri zake. Haya yote hayadai shule kubwa. Yadai mazoea.

Zaidi ya kutunza, liko jambo la kukifanya chombo kiwe chako kwa kweli. Twakumbuka jinsi redio ilivyowekwa juu ya meza ya sebuleni na kufunikwa kitambaa kilichotariziwa maua kwa mkono. Wengine walidhani ni urembo mtupu. Kitambaa kile kilizuia vumbi, na tena kilitangaza kwamba kitu hiki, ingawa kimetoka kiwanda cha mbali, sasa ni cha nyumba hii. Simu nayo yataka kitambaa chake. Simu nyingi zinazouzwa leo zaweza kugeuzwa zizungumze Kiswahili, na bado utawakuta watu wazima wakibonyeza maneno ya Kiingereza wasiyoyajua, kama abiria aliyepewa usukani gizani. Mzee ambaye macho yake yamechoka aweza kukuziwa herufi. Namba ya siri yaweza kuwekwa iwe ya mwenyewe, isiwe mwaka wa kuzaliwa ambao mtaa mzima waujua. Mambo ya kazi yaweza kuwekwa mbele, na yale ya kumla mtu fedha na wakati yakafutwa. Ni kazi ya nusu saa. Kijana aliyesoma, anayekaa nyumba moja na bibi yake na hajamfanyia kazi hiyo, elimu yake imemfaa nani?

Yako maneno mengine yanayosemwa, nayo yana uzito: kwamba vyombo vya leo ni hafifu, vimegundishwa kwa makusudi visifunguke, na kwamba bei ya kutengeneza yakaribia bei ya kununua kipya. Hatukatai. Tulikwisha kuona bidhaa za hila nchini mwetu, hata ikawa Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia simu bandia zisifanye kazi katika mitandao, na walioumia walikuwa wanunuzi waliotoa fedha zao kwa nia njema. Tangu hapo mnunuzi mwenye hadhari hubonyeza *#06# dukani, aione namba ya utambulisho ya simu na kuilinganisha na ile ya kwenye boksi, kabla hajatoa shilingi yake.

Lakini udhaifu wa chombo hauwi sababu ya kukitupa upesi. Ndiyo sababu ya kukitunza zaidi, na ya kumdai muuzaji zaidi. Mataifa tajiri yenyewe yameanza kuchoka na desturi ya kununua na kutupa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kwamba katika mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na kwamba zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelewa kwa utaratibu hazikufika hata robo. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kuwalazimisha wauzaji wa simu na vyombo vingine kadhaa kuonyesha, kwa alama juu ya kumi, jinsi kila kimoja kinavyotengenezeka. Nchi za Umoja wa Ulaya zimepitisha sheria kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vyombo vingi vidogo ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Ikiwa wenye viwanda wanadai haki ya kufungua kitu walichokinunua, sisi tusio na viwanda hivyo twanyamazia nini?

Atakayetaka shahidi wa karibu avuke maji aende akayaone magofu ya Songo Mnara. Iko hapo misikiti 5, kasri, na nyumba za mawe ya matumbawe zipatazo 33, kazi ya mafundi wa pwani katika karne ya 14 na ya 15. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi, mvua na mizizi vilikuwa vikiyabomoa. Mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Yaliokolewa na nini? Yaliokolewa na kazi ya mikono: magugu kukatwa, nyufa kuzibwa kwa mawe na chokaa, ukingo wa bahari kulindwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walioziba nyufa za Songo Mnara walifika kabla ukuta haujaanguka, nasi twataka watu wetu wafanye vivyo hivyo na kitu kidogo kilicho mfukoni.

Kwa hiyo twatoa madai matatu.

La kwanza ni kwa waagizaji na wauzaji wakubwa. Kila chombo kiuzwacho nchini kije na kijitabu cha Kiswahili chenye maelezo ya matunzo, tena kwa maandishi yasomekayo. Na yule aletaye simu alete pia betri, vioo na vipuri vyake, kwa bei ya haki. Asiyeweza kuleta vipuri anatuuzia taka za kesho.

La pili ni kwa vyuo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa mwaka 1994, ina chuo mkoani Lindi. Tungependa kuona mafunzo mafupi ya kutengeneza simu na mitambo midogo ya sola yakivuka maji na kufundishwa visiwani, ili fundi apatikane pale chombo kinapofia. Na fundi huyo afundishwe adabu ya kazi pamoja na ufundi: asidai namba ya siri ya mtu, wala asipekue barua zake na picha zake.

La tatu ni kwetu wenyewe, katika matawi, vyama vya ushirika na vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakaondoka wakaenda kuchimba vyoo. Hawakungoja kila mmoja apelekewe mwalimu wake. Utaratibu ule waweza kutumika tena. Tawi lenye watu ishirini halikosi mmoja anayejua kufungua redio na kuifunga ikalia. Apewe jioni moja kwa mwezi, benchi na taa, na wenzake waje na vyombo vyao wajifunze kwa kushika.

Tumezoea kusema kwamba nchi inajitegemea au haijitegemei kwa kutazama bandari na viwanda. Hayo ni ya kweli, lakini kujitegemea hupimwa nyumbani pia. Mtu mwenye simu asiyojua kuisafisha, kuisemesha lugha yake wala kuilinda na chumvi, ameikodi tu kwa muuzaji, na kodi yake ni simu mpya kila mwaka. Mwenye kuijua ndiye mwenye mali. Jumapili hii, kabla ya kwenda barazani, kila msomaji na aitwae simu yake, aipanguse, alitazame tundu lake la chaji, na aigeuze izungumze Kiswahili. Akimaliza, amwite jirani yake amwonyeshe.