Sataranji ya Afrika: Binti wa Buyangu Aanzie Wapi?

Likizo ya Agosti ilinikuta Buyangu, upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, mbali kabisa na upepo wa bahari. Dada yangu ameolewa Mumias, mji ambao una udugu na sisi watu wa Pwani tangu misafara ya biashara ya karne ya 19 ilipofika kwa Nabongo Mumia. Shemeji yangu ni mwalimu, na siku hizi anafundisha pande hizi za msitu. Asubuhi ni mbega mitini, alasiri ni mvua. Mvua ya Kakamega haina mzaha; ikianza, kila mtu hutafuta paa.

Chini ya paa hilo ndipo nilipowaona watoto wameizunguka katoni iliyochorwa miraba 64 kwa kalamu na makaa. Kete zao ni vifuniko vya soda. Farasi ameandikwa F, malkia ameandikwa M, na shaha ni kifuniko kilichogeuzwa juu chini. Vitunda ni mbegu za mti nisioujua jina. Mimi nilifundishwa sataranji na ami yangu barazani, Mji wa Kale, na tangu nikiwa chuo nikisomea diploma najihesabu mchezaji. Nikakaa chini. Binti wa gredi ya nane akanifunga kabla mvua haijakatika.

Nikamwomba marudiano, akanifunga tena. Kisha akauliza: "Mzee, nikitaka kucheza na wale Wamisri, naanzia wapi?" Mechi za Wamisri alikuwa ameziona kwenye simu ya mwalimu wake. Hilo la kuitwa mzee nilimeza. Swali lenyewe sikuweza kulijibu pale pale. Nimerudi nyumbani nikalifuatilia, na makala haya ndiyo jibu langu kwake na kwa kila mzazi mwenye mtoto kama huyo, awe Buyangu, Kisauni au Matondoni.

Tuanze na hao Wamisri. Ubingwa wa Afrika wa mchezaji mmoja mmoja ulianza Cairo mwaka 1998, na tangu hapo umezunguka bara: Lusaka 2005, Windhoek 2007, Tripoli 2009, Maputo 2011, Windhoek tena 2014, Kampala 2016, Oran 2017, Livingstone 2018, Hammamet 2019. Mwenyeji hubadilika, lakini kombe limezoea njia ya Misri. Ahmed Adly alishinda Lusaka, na mwaka 2007 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Bassem Amin, ambaye ni daktari wa tiba, amelibeba mara kadhaa, na ndiye Mwafrika wa kwanza kuvuka alama 2700, daraja la vigogo wa dunia. Kwa wanawake pia, Misri ndiyo inayotajwa kwanza.

Kusini ya Sahara wapo waliovunja ukuta huo. Robert Gwaze wa Zimbabwe, ambaye kwenye Olimpiadi ya Bled mwaka 2002 alishinda michezo yake yote tisa kwenye meza ya kwanza, alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2007. Kenny Solomon wa Afrika Kusini aliutwaa mwaka 2014, na ushindi huo ukampa cheo cha Grandimasta, wa kwanza katika nchi yake. Wote wawili walitawazwa Windhoek, karibu na kwao. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Lakini tusijidanganye kwamba ukaribu peke yake unatosha: mashindano yalipokuja Kampala mwaka 2016, mlangoni petu kabisa, aliyeshinda ni Mmisri, Abdelrahman Hesham.

Sasa turudi kwa binti. Mlango wa kwanza ni alama za FIDE, shirikisho la dunia lililoundwa Paris mwaka 1924. Bila alama hizo, mchezaji hajulikani. Ili uingie kwenye orodha unahitaji michezo mitano dhidi ya watu wenye alama tayari, katika mashindano yaliyosajiliwa mapema na kusimamiwa na mwamuzi anayetambuliwa. Hata umfunge nani kwenye simu, haihesabiki hapo. Mashindano ya namna hiyo Kenya kwa sehemu kubwa huchezwa Nairobi, kama yale ya wazi ya Kenya ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakiandaliwa wakati wa Pasaka. Kwa mtoto wa Buyangu hiyo ni nauli ya basi ya kwenda na kurudi, tena ya watu wawili kwa sababu hawezi kusafiri peke yake, malazi ya siku tatu au nne, na ada ya kuingia. Mtoto wa Lamu ana hesabu hiyo hiyo, na juu yake aongeze boti.

Tazama pia jinsi alama zenyewe zinavyofanya kazi. Zinapanda ukimfunga mwenye alama nyingi kuliko wewe. Palipo na wachezaji wachache wenye alama, hao hao hukutana kila mara na alama huzunguka baina yao kama shilingi ya duka moja. Kijana hodari wa mkoani anaweza kuwa na nguvu ambayo karatasi haiioni.

Mlango wa pili ni timu ya taifa. Hatua hii iko mikononi mwa shirikisho la nchi, yaani Chess Kenya, maana FIDE haipokei mchezaji aliyejileta mwenyewe kwenye ubingwa wa bara. Hupelekwa na shirikisho lake. Kwa hivyo swali la nani amechaguliwa, kwa kigezo gani, na tangazo lilitoka lini, ni swali la haki. Tangazo likitoka wiki mbili kabla ya safari, aliye Nairobi na pasipoti mkononi ndiye anayeondoka. Aliye Buyangu atasikia wakisharudi.

Mlango wa tatu ni gharama, na hapa ndipo wengi wanapobaki nje. Ubingwa wa bara kwa kawaida ni raundi tisa kwa mtindo wa Uswisi: hakuna anayetolewa, bali kila raundi wenye pointi sawa hukutanishwa. Ni mtindo mzuri kwa mgeni kwa sababu hata akipoteza mchezo wa kwanza ataendelea kujifunza hadi mwisho. Lakini maana yake ni zaidi ya wiki moja hotelini. Mara nyingi mwenyeji hugharimia chakula na malazi ya mchezaji rasmi wa kila nchi, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Wengine wote hujilipia. Nauli ya ndege ni juu ya shirikisho au mchezaji mwenyewe, na wasafiri wa bara hili wanajua kwamba kutoka Nairobi kwenda Afrika Kaskazini kunaweza kukuzungusha Ghuba au Ulaya kwanza.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Kwa sababu ya vyeo. Njia ya kawaida ya kuwa Grandimasta ni kufikisha alama 2500 na kutimiza vigezo vitatu katika mashindano makali, kila kimoja kikidai ukutane na Magrandimasta wasiopungua watatu. Kenya, Uganda na Tanzania hazina hata mmoja. Utakutana na watatu wapi kama hutoki nje? Amon Simutowe wa Zambia ilibidi akamilishe kigezo chake cha mwisho Uholanzi mwaka 2007. Ubingwa wa bara ndiyo njia ya mkato iliyo halali: mshindi hupewa cheo moja kwa moja, kama Solomon, na mashindano hayo hutoa pia nafasi za Kombe la Dunia. Wapo Ulaya wanaolalamika kwamba njia hii ni ya bei rahisi. Mimi naiona kama ngazi kwa asiye na lifti, mradi ngazi yenyewe isifungiwe stoo.

Najua msomaji mmoja ataniuliza kuhusu dini, kwa hivyo niliseme. Wanazuoni wamekhitalifiana tangu zamani. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli mashuhuri ni kwamba sataranji isiyo na kamari na isiyopitisha swala ni makuruhu, si haramu. Wapo waliokaza zaidi. Mwaka 2016 mufti mkuu wa Saudia aliukataza. Mwaka 2017 Riyadh ikaandaa ubingwa wa dunia wa michezo ya kasi. Na zamani za Baghdad, al-Adli na as-Suli waliandika vitabu vya mchezo huu, karne nyingi kabla ya Adly wa Misri. Mzazi aulize sheikh wake, apange muda wa mwanawe, na swala itangulie. Nami nilikatiza marudiano kwa ajili ya alasiri, ingawa mke wangu anasema nilikuwa nimeshashindwa tayari.

Basi tufanye nini? Kwanza, kaunti ziamke. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka michezo na vifaa vyake chini ya kaunti. Kakamega hujaza uwanja kwa vita vya mafahali, na wanasiasa hawakosi kiti cha mbele. Meza ishirini, kete na saa za mchezo ni gharama ndogo mno ukilinganisha na uwanja wa kandanda usiokamilika. Kila kaunti ikiandaa mashindano mawili yaliyosajiliwa kwa mwaka, na kulipia mafunzo ya waamuzi wawili wa huko huko, watoto watapata alama bila kupanda basi la usiku.

Pili, shirikisho litangaze mapema kalenda, kigezo cha uteuzi na hesabu ya fedha. Sheria ya Michezo ya 2013 imetupa Msajili wa Michezo na Jopo la kusuluhisha mizozo. Vyombo hivyo vipo, tuvitumie kabla viongozi hawajaanza kuvutana, kwa maana wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi zenyewe ndio hawa watoto wa katoni.

Tatu, Shirikisho la Sataranji la Afrika lifikirie upya mzigo huu. Kenya na Uganda ziko kanda moja, ya 4.2. Mashindano ya kanda yakifanywa Kisumu, Mbale au Eldoret, mchezaji wa Buyangu anafika kwa matatu. Watu wa Nairobi na sisi wa Mombasa husahau kwamba Kakamega iko karibu zaidi na Kampala kuliko ilivyo karibu na Bandari ya Kilindini. Mshindi wa kanda akilipiwa tiketi ya kwenda ubingwa wa bara, mlango wa tatu unafunguka kwa uhodari, na pochi ya baba haiulizwi.

Juzi nilimpigia shemeji simu nikamsomea majibu haya ili amfikishie binti. Akaniambia niongeze la kwangu, maana kuandika ni rahisi. Ni kweli. Nimenunua seti mbili za kete na saa moja ya mchezo, na dereva wa basi amekubali kuzifikisha Kakamega mjini. Mashindano ya karibu yenye alama yatakuwa Nairobi, na mwalimu bado anatafuta nauli ya watu wawili.

Msomaji mwenye seti iliyolala kabatini nyumbani kwake, aipeleke skuli au madrasa iliyo karibu naye. Na mwenye diwani wake, amuulize bajeti ya michezo ya wadi imekwenda wapi mwaka huu.