Dishi si Adui wa Lugha

Mwandishi mmoja amedai kwamba mhamiaji anayefunga dishi ili atazame chaneli za kwao amekataa kuishi alikohamia: hajifunzi lugha, anaharibu sura ya jengo, na kama ana hamu ya nyumbani intaneti inamtosha.

Dai la lugha ndilo bovu kuliko yote. Tangu lini sikio likawa na nafasi ya lugha moja? Watoto wa Kilifi hukua na Kigiriama nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani, na hakuna inayoifukuza nyingine. Lugha ya ugenini hufundishwa na darasa, kazi na jirani. Mwiraki anayesafisha ofisi usiku huko Sweden na wahamiaji wenzake hatajua Kiswidi kwa kuzimiwa habari za Baghdad. Mpeni saa za kusoma!

Sura ya jengo? Huko Rinkeby, Stockholm, familia ya Kiiraki yenye watoto watatu ililazimika kuhama kwa sababu ya dishi. Tarehe 16 Desemba 2008, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kuwa Sweden imekiuka haki yao ya kupata habari. Majaji walitaja waziwazi haja ya familia kushika lugha na utamaduni wake.

Na intaneti hulipiwa kila mwezi. Chaneli ya bure ya setilaiti hailipiwi.

Anayechukizwa na madishi madirishani adai dishi moja la pamoja juu ya paa, nyaya zifike kila nyumba. Awaache wapangaji watazame.