Mtungi wa Pombe Nyumbani kwa Karani



Naomba nafasi katika kurasa za gazeti letu nipate kusema neno juu ya jambo ambalo katika mkutano wetu uliopita lilitajwa kwa kicheko, kisha likaachwa. Mwenzetu mmoja alisema ya kwamba haifai mtumishi wa serikali kuonekana nyumbani kwake pana mtungi wa pombe ya kienyeji. Ya kuwa kazi hiyo ni ya watu wasio na elimu, na mwenye mshahara anywe bia ya chupa au asinywe kabisa. Wengi walipiga makofi. Mimi nilinyamaza, na tangu siku ile kunyamaza kwangu kunaniudhi, kwani mimi nilisomeshwa na mtungi huo huo.

Mwaka 1992 nilipoingia shule ya sekondari, baba yetu alikuwa amekwisha kufariki. Mama, huko kwetu Kilimanjaro, alikuwa akipika mbege kila juma kwa siku ya soko. Karo yangu, sare, sanduku la bati na nauli ya basi, vyote vilipimwa kwa kata ya mbege. Leo nimeketi katika masjala, nafungua majalada na kuandika barua za watu, na nikisikia kazi ile ikichekwa naona kana kwamba inachekwa kalamu niliyoishika.

Walakini sikuandika ili kuisifu pombe. Wazee wamesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tena wako wenzetu wasiokunywa kwa ajili ya dini zao, au kwa afya zao, au kwa kuwa wameona nyumba zikivunjika. Hao wana haki, wala sina hoja nao. Nasema na wale wanaopika, na hasa vijana wetu wanaotaka kuanza. Maoni yangu ni haya: dharau yetu haiwazuii watu kupika, huwazuia kufundishwa tu. Na kazi hii ikifanywa na mtu asiyefundishwa huweza kuua.

Kwanza tufahamu pombe ni nini. Wazee wetu walijua ya kuwa kinywaji huumuka, lakini hawakupata kukiona kinachokiumusha. Kuanzia mwaka 1857 mtaalamu Mfaransa, Louis Pasteur, alionyesha kuwa kuchacha ni kazi ya viumbe hai vidogo mno. Chachu hula sukari, nayo hutoa vitu viwili: kileo na hewa. Sukari gramu 100 ikiliwa yote hutoa kileo karibu gramu 51 na hewa karibu gramu 49. Mwenye kuanza aliandike jambo hili ukutani, maana karibu kila ajali ya mtungi imo katika hesabu hiyo.

Nafaka haina sukari ya kutosha, ina wanga. Kwa hiyo hutengenezwa kimea. Ulezi hulowekwa kwa siku moja, humwagwa maji, hufunikwa mahali penye unyevu hata uchipue kwa siku mbili tatu, kisha huanikwa juani na kusagwa. Mbegu inapochipua huamsha nguvu yake ya kugeuza wanga kuwa sukari. Atakaye kuona kwa macho, na apike uji mzito, auache upoe hata kidole kiweze kustahimili, kisha atie kimea. Kwa muda mfupi uji ule mzito utakuwa mwepesi na kuanza kuwa mtamu. Hiyo ndiyo togwa, na kwa maoni yangu kila mwanafunzi wa kazi hii aanze na togwa, wala asiguse kitu kingine mpaka ameitengeneza mara tatu bila kuiharibu. Na atumie ulezi. Mtama ukichipua huwa na sumu katika vichipukizi vyake. Waliozoea hujua kuukausha na kuviondoa, lakini mgeni wa kazi asijaribu.

Akiisha kujua kimea, ataona ya kuwa nchi zetu zina shule nyingi za elimu hii. Kwetu ndizi mbivu huchemshwa hata maji yawe mekundu, huachwa siku kadhaa zichache, huchujwa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi uliopoa, pamoja na gome chungu la msesewe. Bukoba ndizi hukamuliwa kwa majani, na maji yake hutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Iringa na Njombe hugema mianzi wakati wa mvua wakapata ulanzi. Magharibi ya Kenya unga wa mahindi uliochachishwa hukaangwa juu ya bati, ndipo ukatiwa kimea kuwa busaa. Pwani wana mnazi. Mtu aliyeweza kupanga kazi hizi zote bila kipimajoto wala kitabu hawezi kuitwa mtu asiye na elimu.

Sasa niseme habari ya hatari, na nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitaka kutengeneza kinywaji cha tangawizi kwa ajili ya Krismasi. Nilichukua maji lita 4, sukari gramu 500, tangawizi iliyopondwa, ndimu mbili na hamira nusu kijiko cha chai. Hata hapo sikukosea. Lakini nilijaza chupa za bia mpaka shingoni, nikazifunga kwa nguvu, nikaziweka chini ya kitanda, na kwenda safari ya kazi siku nne. Usiku wa tatu zilipasuka. Kipande cha chupa kilimkata mdogo wangu mguuni, na kovu analo hata leo. Ile hewa niliyoitaja haikuwa na njia ya kutoka, ikajifanyia njia.

Basi mwenye kuanza aachilie mdomo wa chombo wazi, afunike kwa kitambaa safi, mpaka povu litulie. Akitaka kinywaji chenye hewa, atumie chupa ya plastiki, asiijaze kabisa, akaiminye kila asubuhi na jioni. Ikiwa ngumu, aitie penye baridi na kuinywa mapema. Chupa ya kioo si ya mwanafunzi.

Tena kuna hesabu ya pili, ambayo sisi makarani hatuna udhuru wa kutoijua. Gramu 17 za sukari katika lita moja, zikiliwa zote, hutoa kileo karibu sehemu 1 katika 100. Tangawizi yangu ilikuwa na gramu 125 katika lita. Ikiachwa hata chachu imalize kazi, yakaribia sehemu 7, yaani imeshinda bia nyingi za dukani. Nani kati yetu hajamwona mtoto akipewa bilauri ya tangawizi ya nyumbani kwa kuwa ni tamu? Kinywaji cha siku moja si sawa na kinywaji cha siku saba, wala ulimi hauwezi kuvitofautisha vema. Andika tarehe juu ya chombo, kama unavyoandika tarehe juu ya barua.

Hatari iliyo kubwa kuliko hizo imo katika unga. Mwezi wa Januari 2015, katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji baada ya mazishi. Watu zaidi ya 230 waliugua, na 75 wakafa. Mpishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokufa. Ilisemwa kwanza ya kuwa mtu ametia nyongo ya mamba. Wataalamu walipochunguza hawakuona mamba wala adui. Waliona sumu iliyotengenezwa na vijidudu vilivyoota katika unga wa mahindi ulioharibika, sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Fikirini, ndugu zangu: kwa siku nyingi watu walitafuta mchawi, na kumbe aliyeua ni unga. Nafasi ya unga ulioingia maji, au uliooza, au unaonuka, ni shimoni. Najua uchungu wa kutupa debe la unga. Mama alitupa moja mwaka wa njaa, akalia, nasi tulimlaumu. Leo naona alikuwa na haki.

Nimebakiza habari ya gongo, ambayo Kenya huitwa chang'aa. Hapa sitafundisha kitu, nami nawasihi mtu yeyote asifundishwe na jirani. Katika mtungi wa ulezi au ndizi uliotunzwa vizuri kile kileo kibaya kiitwacho methanoli huwa kidogo mno, hakina madhara. Vifo vikubwa tunavyovisikia hutokana zaidi na wauzaji wanaotia methanoli ya viwandani ili kikombe kiwe kikali na faida iwe kubwa. Mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa njia hiyo, na wengine wakapofuka macho. Mnywaji hawezi kuitambua kwa harufu wala kwa ladha. Sheria ya Tanzania humkataza mtu kujipikia gongo nyumbani. Kenya walifuta mwaka 2010 katazo la mwaka 1980, lakini waliweka masharti ya kutengeneza na kuuza, nayo hayampi ruhusa mtu wa jikoni. Kwa hiyo mpaka wa mwanafunzi ni mtungi. Mrija usiingie nyumbani mwake.

Natoka jikoni sasa, naingia ofisini, kwani huko ndiko dhambi yetu ilipo. Mtu akipika kwa ajili ya kuuza hana budi kuwa na leseni, na hiyo ni haki. Lakini ni nani akaaye dirishani anapokuja mwanamke kuuliza habari ya leseni hiyo? Ni sisi. Nimeona kwa macho yangu mama mmoja akirudishwa mara nne kwa ajili ya karatasi moja, na karani aliyemrudisha jioni ile alikuwa akinywa kikombe chake uchochoroni, bila leseni na bila kulipa. Simtaji jina wala ofisi yake. Najua tu ya kuwa mama yule aliacha kuja, akaenda kuuza gizani. Na penye giza hapana mtu wa kukagua unga, wala wa kuuliza ndani ya pipa mmetiwa nini. Tukimfukuza mpishi mwaminifu, tumemwachia soko yule mwenye methanoli.

Nashauri mambo mawili, nayo hayahitaji fedha ya chama. La kwanza, katika mkutano ujao tumwalike mama mmoja aliyepika miaka mingi, tumpe kiti cha mbele, awafundishe vijana wetu kuchagua nafaka na kusafisha vyombo kwa maji ya moto. La pili, kila mwanachama aliye katika kazi ya leseni abandike nje ya mlango wake, kwa Kiswahili kilicho wazi, karatasi zitakiwazo na ada yake, ili mtu aje mara moja na kuondoka na jibu.

Mama yangu hapiki tena. Mikono yake imechoka. Mwezi uliopita nilimwendea nikamwomba anifundishe mbege, mimi na binti yangu. Alicheka akauliza, "Ulisoma vyote vile ili urudi kwenye chungu?" Nikamjibu ndiyo. Akaninyoosha mkono, akanusa viganja vyangu kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto, akasema, "Nenda kanawe kwanza."

Wasalaam,
Ndimi mwenzenu,
Karani wa Masjala