Tunayojifunza kwa Majiko ya Usiku ya Fukuoka

KILA jua linapokuchwa katika mji wa Fukuoka, ulioko kisiwa cha Kyushu, kusini-magharibi mwa Japani, mikokoteni ya mbao hutolewa ilikohifadhiwa mchana kutwa, ikakokotwa hadi kando ya mto Naka, hadi njia kuu za Tenjin, na hadi Nagahama karibu na soko la samaki. Hapo kila mkokoteni hufunguliwa kama kasha la bibi harusi. Paa huinuliwa, mbao zikawa meza, mabenchi yakashushwa, taa zikawashwa, na pazia fupi la kitambaa likatundikwa mbele. Muda si muda, mahali palipokuwa njia tupu ya waenda kwa miguu pamekuwa mkahawa wa watu wanane au kumi. Wenyeji huuita mkokoteni huo yatai. Alfajiri utautafuta usiuone.

Tulipata kuuzunguka mji huo jioni moja tukiongozwa na mama mmoja wa makamo, ambaye kazi yake ni hiyo ya kuwapitisha wageni kutoka yatai moja hadi nyingine na kuwafahamisha wanachokiona na wanachokila. Habari zake hatuziandiki leo kwa nia ya kuwatamanisha wasomaji wetu vyakula vya mbali. Sisi nasi ni watu wa visiwani, tuna majiko yetu ya usiku, tuna wageni wetu, na tuna maofisa wetu ambao wajibu wao ni kuamua majiko hayo yakae wapi na kwa masharti gani. Wenzetu wa Fukuoka wamekwisha kulipitia jambo hilo, na hawakulipitia bila ya kukosea.

Kwanza tuseme juu ya kiongozi. Tulikuwa watu watano tu, na idadi hiyo haikuwa ya bahati. Jiko lenye viti kumi haliwezi kupokea msafara wa watu thelathini wenye kamera shingoni, na kiongozi mwenye adabu hawezi kumjazia mpishi benchi lote kwa wageni, wateja wake wa miaka mingi wakabaki wamesimama mvuani. Kabla hatujaanza alituambia twende kwanza msalani, kwa kuwa mkokoteni hauna choo. Akatutaka kila mmoja wetu aagize angalau kitu kimoja, tusigawane sahani moja watu watano, na tusigande vitini tukimaliza kula. Kadhalika alitukanya tusile huku tunatembea, kwani Wajapani wengi huliona jambo hilo ni ukosefu wa heshima. Mji wa Kamakura, ulio karibu na Tokyo, hata umetunga sheria ndogo mwaka 2019 ya kuwasihi watu wasile wakitembea penye msongamano, ingawa haina adhabu. Taka zetu tulizibeba wenyewe mpaka mwisho wa matembezi, maana mapipa ya taka ni haba sana katika miji ya Japani.

Pili, na hili litawagusa wengi wa wasomaji wetu, kiongozi ndiye aliyetuokoa na haramu. Chakula kikuu cha majiko ya Fukuoka ni tambi ziitwazo ramen, na mchuzi wake mweupe mzito hupatikana kwa kuchemsha mifupa ya nguruwe kwa saa nyingi. Mishikaki nayo hupangwa ya kuku na ya nguruwe juu ya makaa yale yale. Hata sosi inayopakwa juu ya nyama ina aina ya pombe tamu ya mchele ndani yake, jambo ambalo mgeni asiyejua lugha hawezi kulitambua kwa kuonja. Mama yule alitangulia mbele ya kila jiko, akainama, akauliza kwa sauti ya chini, kisha akarudi kutuambia kipi tunaweza kula na kipi tukiache. Mwisho wake tukaketi mbele ya samaki aliyechomwa kwa chumvi tupu. Samaki mwenyewe Wajapani humwita saba, naye ni wa ukoo mmoja na vibua wetu. Hatukuona kwamba tumepunjwa.

Hizo tambi ambazo hatukuzila zina historia yake, na kiongozi aliitoa kwa ufasaha. Pale Nagahama walaji wa mwanzo walikuwa watu wa soko la samaki, ambao hawana nafasi ya kungoja chakula. Basi wapishi wakatumia tambi nyembamba zinazoiva upesi, na mteja ambaye hajashiba akaongezewa tambi peke yake katika mchuzi ule ule uliobaki bakulini. Desturi iliyozaliwa na haraka ya wachuuzi wa samaki sasa hutafutwa na wageni wanaovuka bahari. Vivyo hivyo mayai ya samaki yaliyokolezwa pilipili, ambayo leo ni fahari ya Fukuoka, asili yake ni Korea ng'ambo ya mlango wa bahari, na yalianza kuuzwa mjini humo baada ya vita. Sisi ambao urojo wetu una harufu ya Bara Hindi hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Hatuwezi kupita bila ya kutaja pweza. Katika mji wa Osaka, tangu mwaka 1935, huuzwa njiani vidonge vya moto viitwavyo takoyaki. Unga mwepesi wa ngano uliochanganywa na mayai na supu ya samaki humiminwa katika chuma chenye vishimo vya duara, kipande cha pweza kikatiwa katikati, kisha kidonge kikageuzwa kwa kijiti chenye ncha mpaka kikawa mviringo kamili. Mwanamke yeyote wa Pemba au Unguja akikiona chuma kile atasema ni cha vitumbua, wala hatakuwa amekosea sana. Na sehemu kubwa ya pweza anayeliwa Japani hutoka Afrika, kwa wavuvi wa Moroko na Mauritania. Pweza wa bara letu husafiri hadi Osaka ili mgeni alipe kuonyeshwa namna anavyopikwa njiani. Hilo tunawaachia wahusika wa uvuvi na biashara.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Anayeyaona majiko yale jioni, na taa zake zikimeta juu ya maji, huenda akadhani kwamba serikali ya mji imeyapenda siku zote. Haikuwa hivyo. Fukuoka ilichomwa kwa mabomu mwezi wa Juni 1945, na baada ya vita kwisha watu waliokosa kazi na makazi walianza kupika njiani ili wapate kuishi. Mwaka 1949 majeshi ya nchi zilizoshinda, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakiitawala Japani, yaliamuru vibanda vya barabarani viondolewe. Katika miji mikubwa kama Tokyo amri ilitekelezwa. Wapishi wa Fukuoka wakaungana, wakapinga, wakabaki. Kufikia miaka ya 1960 majiko yao yalikuwa zaidi ya 400.

Yakaja malalamiko, na tukiri kwamba mengi yalikuwa ya haki. Maji machafu yalimwagwa mitaroni. Moshi na makelele viliwakosesha usingizi waliokaa jirani. Njia za waenda kwa miguu zilizibwa. Wenye leseni wengine waliwakodisha watu leseni zao, wakakaa nyumbani wakila kodi. Wakubwa walipochoka, katika miaka ya 1990 walipitisha uamuzi kwamba leseni itakwisha pamoja na mwenyewe, na mtu mpya hatapewa. Miaka michache baadaye ukoo wa karibu uliruhusiwa kurithi, lakini mlango kwa wengine ulibaki umefungwa. Hakuna aliyefukuzwa kwa rungu wala aliyemwagiwa sufuria lake. Ilingojewa tu wazee wafe. Tunauita uamuzi huo upole wa juu juu, kwa maana jiko lisiloweza kupata mrithi limekwisha kuhukumiwa, hata kama moto wake bado unawaka. Idadi ikashuka mwaka hata mwaka, mpaka yakabaki kiasi cha mia moja na ushei.

Hapo ndipo mji uliposhtuka. Chini ya Meya Soichiro Takashima, aliyechaguliwa mwaka 2010, uongozi ulikubali kwamba unachokiacha kife ndicho wageni wanachokiulizia wanaposhuka kwenye ndege. Mwaka 2013 ikatungwa sheria ndogo juu ya majiko ya mikokoteni, ya kwanza ya namna yake katika Japani nzima. Mwaka 2016 mji ukatangaza nafasi kwa watu wapya, kwa maombi na mchujo, na waliochaguliwa wakaanza kupika mwaka 2017.

Masharti yenyewe yanastahili kusomwa na kila ofisa wa mji katika visiwa hivi. Jiko haliruhusiwi kuzidi upana wa mita 3 kwa mita 2.5. Halifunguliwi kabla ya saa kumi na moja jioni, na ifikapo saa kumi alfajiri liwe limekwisha ondolewa na mahali pake pamesafishwa. Chakula kibichi hakiuzwi, na hili katika nchi ambayo samaki mbichi ni heshima ya meza. Bei ziandikwe mteja azione. Mwenye leseni awe ndiye mpishi mwenyewe, asijifiche nyuma ya mtu mwingine. Lakini, na hapa tunaomba wakubwa wetu watusikilize vizuri, mji nao ulijifunga. Umeweka katika maeneo ya majiko mabomba ya maji safi, njia za maji machafu na umeme. Mpishi aliyeambiwa asimwage maji mtaroni alionyeshwa kwanza pa kuyamwaga.

Hatusemi Fukuoka ni peponi. Siku ya tufani hakuna jiko linalofunguliwa, na mpishi halali na chochote. Tena, kwa kuwa Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36 mwaka 2024, wenyeji wengine wanalalamika kuwa benchi walilolizoea baada ya kazi sasa limekaliwa na watu wanaopiga picha. Lalamiko hilo tunalithamini. Jiko la usiku likikosa mwenyeji litakuwa jumba la maonyesho, na mgeni naye atachoka nalo.

Kwetu, Zanzibar ilihesabu wageni zaidi ya laki saba katika mwaka huo wa 2024. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009, na kila magharibi ikifika wapishi wake hupanga pweza, kamba na mishikaki mbele ya bahari. Tunaishukuru kazi ile. Lakini Forodhani ni moja. Je, mama anayekaanga mihogo na pweza kando ya njia Wete, Mkoani au Ng'ambo ana bomba umbali gani na jiko lake? Ana karatasi gani mkononi inayosema pale ni pake mpaka saa fulani ya usiku? Akiulizwa na askari wa manispaa, amtajie kifungu gani? Asiye na haki iliyoandikwa hawezi pia kudaiwa wajibu ulioandikwa, na ndiyo maana bei katika baadhi ya masoko yetu ya usiku hutegemea lafudhi ya mteja, na samaki wa jana hurudishwa juu ya makaa leo.

Kwa upande wa viongozi wa wageni tuna neno jingine. Tangu mwaka 1949 Japani ilikuwa na sheria iliyomkataza mtu kulipwa kwa kuwaongoza wageni kwa lugha yao bila ya leseni ya taifa. Sheria hiyo ilirekebishwa Januari 2018, ikawa mtu yeyote anaweza kuongoza kwa malipo, ila cheo cha kiongozi mwenye leseni kikabaki kwa waliofaulu mtihani. Walilegeza kwa sababu viongozi walikuwa wachache kuliko wageni. Upungufu wetu sisi ni mwingine. Vijana wanaoujua mji kichochoro kwa kichochoro tunao tele. Tunawaita papasi, tunawafukuza mchana, na usiku mgeni hana mwingine wa kumwelekeza. Kamisheni ya Utalii ingeweza kuanza na hamsini kati yao, wafundishwe kuuliza viungo vya chakula, kuheshimu foleni, kuzuia makundi makubwa, na kutompitisha mgeni mbele ya jiko bila ya kununua hata kikombe cha kahawa. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee wetu, nasi tunadhani muuza kahawa naye ni mwenyeji.

Tunaziomba serikali za miji ya Unguja na Pemba ziandike kanuni za majiko ya usiku kabla ya operesheni nyingine yoyote, na rasimu yake isomwe mbele ya wapishi wenyewe, jioni, kwa saa wanayoweza kuhudhuria. Kanuni hizo zitaje ukubwa wa jiko, saa zake, na mahali bomba litakapowekwa, pamoja na fungu la bajeti litakalolipia bomba hilo. Ofisa atakayependa kutujibu, na mpishi atakayependa kusema linalomkera, tutawapa nafasi sawa katika safu hii.